Dar es Salaam au Nairobi: Kupima Maisha ya Nchi Mbili kabla ya Kusaini Mkataba wa Kazi

Mhasibu wa Dar es Salaam anayepata barua ya ajira kutoka Nairobi huanza kwa kuzidisha. Huchukua mshahara ulioandikwa kwa shilingi za Kenya, akauzidisha kwa 20, kwa kuwa hapo ndipo thamani ya fedha hizo mbili imekuwa ikizunguka katika miaka ya karibuni, kisha akaulinganisha na anachokipata sasa. Hesabu hiyo karibu kila mara huipendelea Nairobi, na karibu kila mara huwa haijakamilika. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe mhasibu, muuguzi, mhandisi au mtaalamu wa kompyuta, ambaye ana maisha yake hapa na anajiuliza kama ayahamishie Kenya. Msimamo wangu ni kwamba Kenya ina kipato kikubwa zaidi na milango mingi zaidi ya kukua kitaaluma, lakini Tanzania humwachia mtu wa kipato cha kati nafasi kubwa zaidi ya kumiliki nyumba yake na kuishi bila kubanwa kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo anachopaswa kukitazama kwanza ni hatua ya maisha aliyofikia, na tarakimu ya mshahara baadaye.

Takwimu za jumla haziachi shaka kuhusu nani anatangulia kwa fedha. Kenya iliingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini baada ya kurekebisha hesabu za pato lake la taifa mwaka 2014, na Tanzania ikatangazwa na Benki ya Dunia kufikia hapo Julai 2020. Pato la Kenya kwa kila mtu ni karibu dola 2,000 za Marekani kwa mwaka, ilhali la Tanzania ni takriban dola 1,200. Katika kipimo cha maendeleo ya watu kinachotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, takwimu za mwaka 2022 ziliiweka Kenya kwenye 0.60 na Tanzania kwenye 0.53. Hata hivyo kipimo hicho kimejengwa kwa mambo matatu, yaani kipato, elimu na umri wa kuishi, na Kenya hushinda katika mawili ya kwanza tu. Katika umri wa kuishi, makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba Watanzania huishi miaka kadhaa zaidi ya Wakenya. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi wakisikia kwamba nchi fulani iko juu kwenye orodha hudhani iko juu katika kila jambo.

Turudi kwenye barua ya ajira. Tuseme mhasibu wetu analipwa shilingi 1,800,000 kwa mwezi hapa Dar es Salaam na ameahidiwa shilingi 120,000 za Kenya, ambazo ni sawa na shilingi 2,400,000 zetu. Kwenye karatasi amepata nyongeza ya shilingi 600,000. Hapa kwetu anakatwa asilimia 10 ya mshahara kwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha kodi ya mshahara inayoanzia kwenye kipato kinachozidi shilingi 270,000 na kufikia asilimia 30 kwa sehemu inayovuka milioni moja, na akiwa mwanachama wa bima ya afya ya taifa anakatwa asilimia 3 nyingine. Anabakiwa na takriban shilingi 1,250,000. Kule Kenya kiwango cha asilimia 30 huanza mapema zaidi, kwenye sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 32,333 za Kenya, na juu ya kodi hiyo kuna makato ya hifadhi ya jamii, asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu. Mkononi hubaki kiasi kisichopishana sana na shilingi 84,000 za Kenya, yaani shilingi 1,680,000 zetu. Nyongeza ya laki sita imekwisha kuwa laki nne na kidogo kabla mtu hajapanda basi la Namanga. Aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu akumbuke pia kwamba deni hilo humfuata. Hapa mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara na kuiwasilisha, lakini akiwa nje ya nchi atalazimika kulipeleka mwenyewe, na kutolipeleka hakulifuti.

Kinachomaliza hizo laki nne ni nyumba, na hapa inafaa kutulia kidogo, maana miji hii miwili hutofautiana katika bei na katika namna ya kulipa pia. Kwa makadirio ya kawaida, nyumba ya vyumba viwili vya kulala katika mitaa ya watu wa kipato cha kati Dar es Salaam, kama Tabata, Kinyerezi au Sinza, hupatikana kwa shilingi 300,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Nairobi, katika mitaa inayofanana na hiyo kwa hadhi, kama South B, Donholm au Ruaka iliyo pembezoni, nyumba ya namna hiyo huweza kufika shilingi 35,000 hadi 50,000 za Kenya, ambazo ni laki saba hadi milioni moja. Lakini mwenye nyumba wa Nairobi huridhika na kodi ya mwezi mmoja pamoja na dhamana inayolingana na mwezi mmoja au miwili, wakati mwenye nyumba wa Dar es Salaam hudai miezi sita kwa mkupuo, pengine mwaka mzima, na dalali naye huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Utaratibu huu wetu ni mbaya. Humlazimisha kijana anayeanza kazi kukopa ili apate pa kulala, na humnyima mpangaji uwezo wa kuondoka pale maji yasipotoka au paa linapovuja. Kwa mtu asiye na akiba, kuanza maisha Nairobi ni rahisi kuliko kuanza maisha Dar es Salaam. Kwa mtu aliyekwisha kuvuka kizingiti hicho, kuendelea kuishi Dar es Salaam ni nafuu zaidi.

Hata hivyo kupanga si mwisho wa safari kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam. Mfanyakazi wa hapa, hata yule wa mshahara wa kawaida, hununua kiwanja Chanika, Kibaha, Bunju, Mbezi au Kigamboni, akaanza na msingi mwaka huu, akapandisha kuta mwaka ujao, akaezeka atakapopata mafao au mchezo wa upatu ukimfikia, na akahamia nyumba haijapigwa plasta. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa hivyo, bila mkopo wa benki. Nairobi jambo hilo ni gumu zaidi kwa sababu ardhi iliyo karibu na mji ina bei kubwa, na hata viwanja vya Kitengela, Juja na Ongata Rongai hununuliwa kwa mikopo ya vyama vya ushirika wa akiba na mikopo. Vyama hivyo, kwa kweli, vina nguvu Kenya kuliko kwetu na ni jambo la kuigwa. Wakazi wengi wa Nairobi hupanga miaka yote ya kazi na kujenga kijijini.

Kwa Mtanzania kuna jambo la ziada la kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa muda usiozidi miaka 99 tu, na mwananchi wa Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa asiye raia. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 ni kali zaidi kwa Mkenya anayekuja huku, kwani hawezi kupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Hivyo anayehama akiwa na ndoto ya kumiliki nyumba ajue kwamba ndoto hiyo itaendelea kujengwa upande wa kwao, kwa fedha atakazotuma na kwa msimamizi atakayemwamini, na wengi wetu tunajua jinsi ujenzi wa kusimamiwa kwa simu unavyogharimu.

Katika chakula Dar es Salaam inashinda, isipokuwa katika maziwa. Kenya hununua mahindi, mchele na vitunguu kutoka Tanzania, na mavuno yakiwa haba bei kule huruka haraka. Mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200 za Kenya. Anayezoea kwenda Mabibo au Ilala alfajiri kununua ndizi, nyanya na viazi, na kupata samaki Feri, ataona kwamba kikapu hicho hicho Nairobi kinamtaka fedha zaidi. Kwa upande mwingine ufugaji wa ng’ombe wa maziwa wa nyanda za juu za Kenya umeendelea sana, na mtoto wa familia ya kawaida kule hunywa maziwa mengi kuliko wa kwetu. Chakula cha mchana cha mama lishe bado ni nafuu na kizuri zaidi hapa, na kwa mfanyakazi anayekula nje siku tano kwa wiki hilo linaonekana kwenye mfuko.

Maji ni tatizo la pande zote mbili. Nairobi imekuwa na mgao wa ratiba tangu mwaka 2017, mitaa mingine ikipata maji siku chache tu kwa wiki, na majengo ya ghorofa hutegemea visima na malori ya maji. Dar es Salaam hutegemea mto Ruvu, na mto ulipopungua mwishoni mwa mwaka 2022 sehemu kubwa ya mji ilionja mgao. Visima vya watu binafsi navyo mara nyingi hutoa maji ya chumvi. Anayetafuta nyumba katika mji wowote kati ya hii aulize kuhusu tangi kabla ya kuuliza kuhusu vigae. Kwa umeme tumepata nafuu. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kuutuliza mgao mkali uliotutesa miezi iliyotangulia, na uniti moja ya nyumbani hapa hugharimu takriban shilingi 357, kiasi kilicho chini ya bei ya Kenya. Wakenya nao wana sifa ya kuzalisha sehemu kubwa sana ya umeme wao kwa jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo.

Kuhusu usafiri, Dar es Salaam imefanya jambo ambalo Nairobi bado haijalikamilisha. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara, Kivukoni na Kariakoo, na pamoja na misongamano ya vituoni na kusimama kwa huduma Jangwani inapofurika, yamemhakikishia mkazi wa Kimara njia isiyoshindana na magari madogo. Nauli za daladala hupangwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, hivyo mvua ikinyesha nauli haibadiliki. Nairobi nauli ya matatu hupanda jioni na hupanda zaidi mvua inapoanza, na mwenye kipato cha chini huumia kwa kitu asichoweza kukipangia bajeti. Nairobi ina barabara bora za haraka, ile ya Thika iliyokamilika mwaka 2012 na ile ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, lakini hizo humnufaisha zaidi mwenye gari. Naye mwenye gari ajue kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake unazidi miaka minane, na hivyo gari la bei nafuu linaloonekana katika kila mtaa wetu ni adimu kule.

Hali ya hewa huamuliwa na mwili wa mtu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, malaria si tishio kubwa ndani ya mji, na Julai watu huvaa masweta mchana. Mwenye pumu au mtoto anayeugua kifua aulize daktari kwanza. Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi ni joto lisilo na huruma.

Shule ndiyo sehemu ambayo familia nyingi hukosea, kwa sababu huifikiria baada ya kuhama. Tanzania imefuta ada katika shule za umma hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022. Kenya nayo ilifuta ada za msingi mwaka 2003 na hulipia masomo ya sekondari za kutwa. Tofauti kubwa ni lugha na mtaala. Mtoto wa darasa la nne aliyesoma kwa Kiswahili Buguruni au Temeke akipelekwa Nairobi ataingia darasa linalofundishwa kwa Kiingereza, pamoja na watoto wanaokisoma tangu wakiwa wadogo, na mara nyingi ataombwa arudie darasa. Isitoshe nchi zote mbili ziko katikati ya mabadiliko. Kenya imeachana na mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, na kuingia katika mtaala wa umahiri, ambao kundi lake la kwanza limeingia sekondari ya juu Januari 2026. Tanzania ilianza mitaala mipya Januari 2024, na elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Mtoto atakayehama leo na kurudi baada ya miaka mitatu ataruka kutoka ngazi moja inayobadilika kwenda nyingine inayobadilika, akiwa hana mtihani wa taifa wa upande wowote. Kwa sababu hiyo familia nyingi za wahamiaji huishia kwenye shule binafsi za mtaala wa kimataifa, ambazo ada zake kwa watoto wawili zinaweza kula mshahara wa mzazi mmoja. Mwenye watoto wa shule ya awali yuko katika hali nzuri zaidi, na kama nia yake ni kukaa muda mrefu, msingi wa Kiingereza watakaoupata Nairobi utawafaa.

Katika matibabu, Nairobi ina hospitali binafsi nyingi na mabingwa wengi, na kwa miaka mingi Watanzania wenye uwezo wamekuwa wakienda huko. Pengo limepungua kwa upande wa moyo tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kazi Muhimbili mwaka 2015. Tatizo la Kenya kwa sasa ni mfumo wa kulipia. Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ya hospitali ulibadilishwa na mamlaka mpya ya afya ya jamii, na mabadiliko hayo yameleta malalamiko ya hospitali na wagonjwa. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na utekelezaji wake ni wa hatua kwa hatua. Katika hali hii bima binafsi ya mwajiri, inayomhusu mwenzi na watoto, ina thamani kubwa kuliko nyongeza ya shilingi 10,000 za Kenya kwenye mshahara.

Kuna mambo ya uraia ambayo mtu mwangalifu hawezi kuyapita. Kenya ina magazeti, mahakama na mabunge ya kaunti yanayobishana na serikali waziwazi, na uwazi huo una gharama zake: maandamano ya Juni 2024 dhidi ya muswada wa fedha yalifika hadi ndani ya bunge na watu wakapoteza maisha. Tanzania iliyosifiwa kwa utulivu nayo ilipita kwenye machafuko yaliyoanza siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ikazimwa. Anayefanya kazi kwa intaneti alihisi siku hizo kwa namna ya pekee. Siwezi tena kumwambia mtu abaki hapa kwa sababu ya amani peke yake, ingawa zamani hoja hiyo ilitosha.

Jambo ambalo barua za ajira karibu hazilitaji ni mwenzi wako. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, lakini bado Mtanzania anahitaji kibali cha kazi Kenya, na hati anayopewa mwenzi kama mtegemezi haimruhusu kuajiriwa wala kufanya biashara. Familia nyingi za Dar es Salaam huishi kwa kipato cha watu wawili, mshahara wa mmoja na duka, saluni, genge au uwakala wa fedha za simu wa mwingine. Biashara hiyo ndogo inayoingiza laki tano kwa mwezi ikifungwa, faida yote ya Nairobi imeondoka nayo. Wenye ndoa za Mtanzania na Mkenya wanaofikiria kuishi Tanzania nao wajue kwamba Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, uwakala wa fedha za simu ukiwemo.

Kwa hiyo kijana asiye na familia, mwenye taaluma inayohitajika katika makampuni ya teknolojia, benki au ofisi za kimataifa zilizojaa Nairobi, ningemwambia aende, akae miaka mitatu au minne, apange chumba kimoja, na atume akiba kwenye kiwanja cha huku. Atakachojifunza kwa kufanya kazi katika soko kubwa zaidi, kwa Kiingereza cha ofisini na kwa ushindani mkali, hakipatikani kirahisi hapa. Mwenye mwenzi anayefanya biashara, watoto wa darasa la tatu kwenda juu na nyumba iliyofika kwenye lenta, ajibu barua kwa kuomba vitu vinne kwa maandishi: mwajiri alipie kibali na dhamana ya nyumba, abebe ada za shule, atoe bima ya familia nzima, na mkataba uwe wa miaka isiyopungua mitatu. Akikubaliwa ada na bima, safari ina maana. Akikataliwa yote mawili, shilingi 120,000 za Kenya hazimtoshi, na laki nne anazoziona sasa atazitafuta kwa urahisi zaidi akiwa hapa hapa, kwa kubadili mwajiri au kwa kuongeza mtaji kwenye duka la mwenzi wake.